Nimeliaga kundi la wafuga kuku

Jumapili iliyopita, saa tatu usiku, nilitoka kwenye kundi la WhatsApp la wafuga kuku nililokuwemo kwa miaka minane. Asubuhi yake watu watatu walinipigia kuuliza nimegombana na nani. Sijagombana na mtu. Naandika hapa kwa sababu kundi lile limenilea, na waliokulea hawastahili maelezo ya mstari mmoja.

Niliingia mwaka 2016. Nilikuwa nimetoka uzazi, mume wangu kahamishiwa kikazi Tabora, mimi nimebaki Kihonda hapa Morogoro na mtoto mchanga na eneo tupu nyuma ya nyumba. Nikanunua vifaranga 50 wa chotara. Walikuja na basi kutoka Dar es Salaam, ndani ya boksi la karatasi lenye matundu, nami nikaenda kuwapokea stendi nimembeba mwanangu mgongoni. Wiki ya kwanza haijaisha, 11 wamekufa. Kila asubuhi nafungua banda nakuta wawili, watatu, wamelala miguu juu, na sijui hata nimwulize nani.

Jirani yangu ndiye aliyeniambia kuna kundi, watu wanasaidiana bure. Wakati ule kundi moja la WhatsApp halikubeba zaidi ya watu 256, na hilo lilikuwa limejaa pomoni. Mpaka mtu atoke ndipo mwingine aingie. Nilikaa foleni wiki tatu. Siku nilipoingizwa nilisoma meseji tangu saa mbili usiku hadi bando likaisha.

Kwa asiyefuga, kundi lile lingemshangaza. Asubuhi yako inaanza na picha za kinyesi. Lakini kuku hasemi anaumwa wapi, na kinyesi ndicho kinachomsemea: kuna cheupe kama chokaa, kuna cha kijani, kuna chenye damu, na kila kimoja kina habari yake. Mtu anatuma picha kutoka Mbozi, anajibiwa na mtu wa Bagamoyo, anasahihishwa na mtu wa Kahama, na saa nne asubuhi tayari anajua la kufanya. Matangazo ya biashara yalikuwa Jumamosi tu. Ukitangaza Jumanne unaonywa, ukirudia unatolewa.

Huko ndiko nilikojua kwamba chanjo nilikuwa naiua kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ya 7 nilikuwa nimewapa vifaranga chanjo ya kideri kama nilivyoelekezwa dukani, ila niliikoroga kwenye maji ya bomba. Dada mmoja akaniuliza, "Maji yako yana dawa?" Sikumwelewa. Akanifafanulia kwamba chanjo ile ina kirusi hai, na klorini ya kwenye maji ya bomba inakiua kabla hakijafika kooni mwa kifaranga. Tumia maji ya kisima au ya mvua, weka maziwa ya unga kidogo, wanyime maji saa moja au mbili kwanza ili wawe na kiu, kisha wamalize chanjo ndani ya saa mbili. Siku ya 14 ni chanjo ya Gumboro, ugonjwa mwingine wa virusi, siku ya 21 ni kideri tena. Niliandika yote kwenye daftari la kliniki la mwanangu, kurasa za nyuma, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Daftari hilo ninalo hadi leo: mbele uzito wa mtoto, nyuma chanjo za kuku.

Na huko ndiko nilikomjua Mzee.

Alikuwa bwana mifugo mstaafu, anaishi Iringa. Hakupenda kuandika, alituma sauti. Nyuma ya sauti yake unasikia majogoo, na mara nyingine unamsikia mkewe anamwita chai inapoa. Wote alituita mwanangu, hata wanaume waliompita umri. Mwaka 2017 nililalamika kwamba nimenunua kipimajoto, nakisoma usiku kucha, kinasema nyuzi 33 kama inavyotakiwa kwa wiki ya kwanza, na bado vifaranga wananifia. Akanitumia sauti ya dakika mbili kasoro, ambayo naijua kwa moyo.

"Mwanangu, kipimajoto kinakwambia joto la pale kilipotundikwa. Joto la vifaranga watakwambia vifaranga wenyewe. Chuchumaa uwatazame. Wakitawanyika sawasawa kama mchele kwenye ungo, waache, wako vizuri. Wakilikimbia jiko la mkaa la kuwapa joto na kutweta, punguza moto. Wakilisonga jiko, wana baridi. Wakijirundika upande mmoja wa banda, jiko wameliacha, basi tafuta upepo unaingilia wapi. Na usikimbilie dukani kununua dawa kabla hujachuchumaa."

Usiku ule nilichuchumaa. Walikuwa wamelisonga jiko. Kipimajoto nilikuwa nimekitundika juu, usawa wa macho yangu, na vifaranga wako chini kwenye maranda ambako baridi ndiko inakokaa. Tangu siku hiyo sijapoteza vifaranga kwa baridi.

Mzee alifariki mwaka 2021. Tulichanga rambirambi, watu wawili walioko Iringa wakatuwakilisha msibani. Kundi likaendelea, ila mimi naona ndipo lilipoanza kuwa kitu kingine, ingawa nilichukua miaka mitatu kukiri.

Mimi nami nilikuwa nimeanza kuwa mtu mwingine. Kutoka chotara nilihamia kuku wa mayai, 300, halafu 500, na sasa ninao 800 wanaonipa trei 22 kwa siku mambo yakiwa mazuri. Maswali yangu yalibadilika. Kuku akifika wiki ya 60 na utagaji ukianza kushuka, nitajuaje wiki ambayo chakula anachokula kinapita thamani ya yai analonipa? Mahindi na mashudu ya alizeti yakipanda pamoja, napunguza nini kwenye mchanganyiko bila ganda la yai kuwa jepesi? Taa nawasha alfajiri au jioni ili wafikishe saa 16 za mwanga? Niliuliza hilo la wiki ya 60 siku moja, kwa kirefu, na hesabu zangu nimeziweka. Wakanijibu "hongera dada", wengi tu. Mmoja akaniuliza nauza kifaranga bei gani. Hawakunikosea. Wengi wao wako na vifaranga 50 na boksi la karatasi, pale nilipokuwa mimi mwaka 2016, na mtu wa vifaranga 50 hana cha kunijibu kuhusu wiki ya 60. Lakini nilizima simu nikajisikia mpweke, na upweke wa katikati ya watu unauma kuliko ule wa peke yako.

Mwaka 2022 WhatsApp ikaongeza nafasi, kwanza watu 512, halafu 1,024. Foleni ikaisha. Wakaingia wafugaji wengi, na wauzaji wengi zaidi. Ile sheria ya Jumamosi ikafa taratibu bila mtu kuifuta. Na likaja jambo lililonitesa kuliko matangazo, la dawa. Mtu akisema kuku wake wanakoroma, majibu ishirini yanatua kwa dakika moja: wape antibayotiki fulani, mimi yangu huwa nawapa kila wiki mbili hata kama hawaumwi. Hakuna anayeuliza kuku wana umri gani, banda lina hewa kiasi gani, maranda yamelowa au la. Kukoroma kunaweza kuwa mafua, kunaweza kuwa kideri ambacho antibayotiki haikigusi, kunaweza kuwa harufu kali ya mkojo ya banda lisilosafishwa. Nilikuwa nasema: ukiwapa kuku wanaotaga dawa hizo, kuna siku za kusubiri zimeandikwa kwenye pakiti, mayai ya siku hizo hayauzwi, na dawa nyingine kuku anayetaga hapewi kabisa. Yai hilo anakula mtoto wa mtu. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikasema kwa sauti, nikasema kwa maandishi. Mwaka jana kijana mmoja akanijibu mbele ya watu wote, "Dada wewe umeshaiva, unatuona sisi wajinga." Waliomwekea dole gumba walikuwa wengi.

Niliumia, na sikutoka. Hapa nataka kusema ukweli wote. Sikutoka kwa sababu mle ndani nilikuwa na jina. Naitwa Dada wa Kihonda. Mgeni akiingia anaambiwa, "Msubiri Dada wa Kihonda." Mtaani kwangu mimi ni mama fulani mwenye mabanda yanayonuka nyakati za mvua. Mle ndani nilikuwa mtu wa kusubiriwa. Ni kitu kitamu hicho, na kitamu kinakushika.

Maswali yakawa yaleyale kila siku, nami nikaandaa majibu. Kwenye simu yangu nilikuwa na maandishi 14 yaliyo tayari: la chanjo, la kuhara damu, la kudonoana, la kula mayai, la minyoo. Mtu anauliza, mimi nanakili, nabandika, naendelea kuchota maji. Niliona ni msaada, na kweli niliwasaidia wengi kwa njia hiyo.

Mwezi wa saba, usiku wa kama saa nne, mama mmoja wa Singida aliandika. Alikuwa mgeni, ana wiki mbili tu kundini. Vifaranga 100, umri siku 9, wamejikusanya, wamejikunyata, hawali. Akaweka na picha. Mimi nilikuwa jikoni, mkono mmoja una mwiko. Nikaona neno "wamejikunyata", nikabandika lile la kuhara damu: dalili zake, dawa yake, kipimo chake kwa lita ya maji. Sekunde kumi. Akajibu, "Asante sana dada, Mungu akubariki." Nikaenda kulala.

Asubuhi alituma picha nyingine. Vifaranga 43 waliokufa, amewapanga juu ya kiroba.

Nikarudi kwenye picha yake ya usiku, nikaifungua kwa mara ya kwanza. Naomba niieleze kama ilivyo. Vifaranga wote wako kushoto, wamepandana, mgongo juu ya mgongo, mpaka kwenye kona. Jiko la mkaa lipo katikati, linawaka vizuri, na kulizunguka hakuna hata mmoja. Kulia, kwenye ukingo wa picha, kuna dirisha limezibwa kwa viroba, na kiroba cha chini kimeinuka na kujikunja kuelekea ndani. Kimeinuka kwa sababu kinapulizwa. Ilikuwa Singida, mwezi wa saba! Mkoa ule unajulikana kwa upepo nchi nzima. Upepo uliwasukuma kwenye kona, wakalaliana, wa chini wakakosa pumzi. Na kuhara damu kwa kifaranga wa siku 9 ni nadra, mara nyingi huanza kuonekana kuanzia wiki ya tatu. Ningesoma tu hiyo tarakimu moja ningejua.

Kundini walimpa pole. "Ndiyo ufugaji huo mama, usikate tamaa." Hakuna aliyeniuliza chochote. Wote tuliopita pale usiku ule, zaidi ya watu elfu moja, hakuna aliyeitazama picha.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili, halafu nikampigia. Nikamwambia, shikamoo mama, mimi ndiye niliyekujibu, na nilikujibu bila kutazama picha yako. Vifaranga wako walikuwa na baridi ya upepo. Dawa uliyonunua hukuihitaji, ulihitaji mawe mawili ya kukandamizia kiroba. Nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, mimi nilivyoona umejibu upesi, nikajua umeona."

Sijui kama alikusudia kunichoma. Nadhani hakukusudia, alikuwa ananieleza tu ilivyokuwa. Lakini nilipokata simu nilikuwa nimeshaamua. Kulikuwa na mtu Singida amechuchumaa mbele ya banda lake ananisubiri mimi, na mimi sikuwepo. Jina langu ndilo lililokuwepo. Mimi nilishaondoka siku nyingi, labda tangu lile swali la wiki ya 60, labda tangu Mzee alipofariki. Na kukaa kwangu kulikuwa kunaziba nafasi: wanajua Dada wa Kihonda atajibu, kwa hiyo mtu mwenye macho mapya, ambaye bado anafungua picha, hajisumbui.

Kutoka kwenyewe ni jambo la kubonyeza mara mbili. Zamani ukitoka, mstari ulitokea mbele ya wote, fulani ameondoka, na maneno yakaanza. Tangu Agosti 2022 unaweza kutoka kimyakimya wakajua waendeshaji peke yao, ingawa jina lako linabaki siku 60 kwenye orodha ya walioondoka. Siku moja niliifungua orodha hiyo. Kulikuwa na majina tisa, na mawili yalikuwa ya watu tulioanza nao mwaka 2016. Mmoja ni yule dada wa maji ya bomba. Aliyeniokolea vifaranga wangu aliondoka, nami sikuona pengo lake. Nilisikia vibaya sana. Nimemtafuta, tumeongea karibu saa nzima, anafuga mbuzi sasa.

Kwetu mtu huaga, hata kama alipita tu kuomba chumvi. Nikaona siwezi kutoka kwa mlango wa uani kwenye nyumba iliyonifundisha kazi. Kwanza nilimpigia mwenyekiti wa kundi. Alidhani nimekasirika, akaanza kuniahidi kwamba matangazo yatadhibitiwa. Nikamwambia kaka, hata yakidhibitiwa nitaondoka, mimi nimekua, nguo imenibana. Akacheka, halafu akanyamaza, halafu akasema na yeye ana mwaka hajafuga hata kuku mmoja, anaendesha kundi tu. Tukaishia kupeana pole.

Kabla ya kuaga nilifanya kazi moja iliyonichukua jioni nne. Nilirudi nyuma kwenye mazungumzo ya miaka yote, simu inakwama, inazima, naiwasha, nikakusanya sauti za Mzee. Nimepata 37. Nyingine hazifunguki tena, faili limepotea, limebaki jina lake na tarehe. Zilizofunguka nimezihamisha kwenye kompyuta ya mume wangu na kwenye simu ya mwanangu, yule wa daftari la kliniki, ambaye sasa yuko darasa la pili na anamwigiza Mzee vizuri kabisa, mpaka kile kikohozi.

Meseji yangu ya mwisho kundini ilikuwa fupi. Niliwashukuru, nikataja mambo matatu niliyojifunza kwao na walionifundisha, nikaeleza kosa langu la Singida bila kumtaja mama, na nikawaomba jambo moja: kabla ya kujibu, fungueni picha. Nikasubiri nusu saa ili nisiwe kama nimetupa jiwe na kukimbia. Wengi walinitakia heri. Yule kijana wa "umeshaiva" aliandika, "Dada nisamehe." Nilimsamehe pale pale, na bado nafikiri anawapa kuku wake dawa nyingi mno. Saa tatu nikatoka.

Siku hizi tuko watano hapa Kihonda wenye kuku wa mayai. Tunakutana Jumamosi, leo banda la huyu, kesho banda la yule, na afisa mifugo wa kata huja akipata nafasi. Tunabishana kuhusu wiki ya 60 mpaka chai inapoa. Sina jina huko. Wiki iliyopita waliniambia mpangilio wangu wa taa ni mbovu, na wakanionyesha kwa nini, na ni kweli.

Mama wa Singida nilimtumia sauti moja ya Mzee, ile ya mchele kwenye ungo. Aliniambia ameisikiliza na mumewe na wifi yake, na kwamba amechukua vifaranga wengine, 60 safari hii. Juzi usiku akanitumia picha, hakuandika neno. Nilikuwa napika. Niliipua sufuria nikaiweka chini, nikafuta mikono, nikaifungua, nikaikuza. Viroba vimekandamizwa kwa mawe. Jiko katikati. Nikaanza kuhesabu vifaranga kutoka kona ya kushoto, mmoja mmoja. Picha haikuwaonyesha wote, nilifika 52, na hakuna hata wawili waliokuwa wamepandana.